MLANGO WA AJIRA UNA WALINZI WANGAPI?

Wanachama, tunawauliza: kijana wa Ganako, kule Karatu kwenye njia ya Ngorongoro, akiisha kupata shahada yake huingiaje katika utumishi wa umma? Hupeleka maombi kwa Sekretarieti ya Ajira, iliyowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 kama ilivyorekebishwa 2007, kisha hungoja usaili. Wengine hutangulizwa katika mafunzo ya uzoefu kazini. Mlango huo ni mwembamba na wangojao ni wengi, hatumwonei wivu. Lakini watu wa Karatu walimchagua Dk. Slaa wa Chadema tangu 1995 hata 2010, na fomu ya maombi haimwulizi kijana wao baba yake alimpigia nani kura.

Wa kwetu je? Mhitimu wa Wete au Mkoani atakaye kazi ya Serikali ya Mapinduzi hudaiwa kwanza kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichoanzishwa kwa Sheria ya 2005, nacho hukipati ila sheha akutambue. Na sheha huyo hakupigiwa kura na mtu! Akigeukia upande wa Muungano huambiwa Zanzibar ina mgawo wa asilimia 21. Vyema, nani kati yenu amekwisha kuonyeshwa hesabu yake? Ibara ya 22 ya Katiba ya Muungano yampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi za nchi.

Twataka hesabu ya mgawo huo ibandikwe hadharani, taasisi kwa taasisi, na sheha aondolewe katika njia ya watoto wetu.