Watafiti wa elimu wakutane Ngara

Mpe mtoto wa darasa la nne wa Kabanga, wilayani Ngara, hesabu ya 92 gawanya kwa 4. Ataandika 92 chini ya mstari, 4 ataiweka nje upande wa kushoto, na jibu lake, 23, litakaa juu. Mpe hesabu hiyo hiyo mwenzake wa Kobero, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, kilomita chache tu kutoka hapo. Yeye ataandika 92 kushoto, atapiga mstari wima, 4 ataiweka kulia, na jibu atalipanga chini ya ile 4, kwa mtindo waliouacha Wabelgiji. Wote wawili wamepata. Lakini familia ikihama, na ukanda huu familia zinahama, mmoja wao ataingia darasa geni na kukuta alama ya kosa kwenye njia ya kukokotoa. Mwalimu aliyemwekea kosa hana ubaya wowote. Hajawahi kuambiwa kwamba jirani anagawanya hivyo.

Nyumbani watoto hao wanaelewana bila mkalimani, maana Kihangaza na Kirundi ni lugha za karibu mno. Ni shule inayowatenganisha. Wa Kabanga anasoma kwa Kiswahili. Wa Kobero anaanza na Kirundi, kisha anapelekwa kwenye Kifaransa. Na akitokea binamu yao upande wa Rusumo, Rwanda, huyo atakuwa anafundishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Rwanda iliachana na Kifaransa madarasani kuanzia 2008. Ukoo mmoja, daftari tatu, lugha tatu.

Wanazuoni wana jina la kazi ya kuweka shule za nchi mbalimbali kwenye mizani moja: elimu linganishi. Fani hiyo ina vyama vyake, na baraza lao la dunia limekuwapo tangu 1970. Mwaka 1998 lilifanya kongamano Cape Town. Sisi tunasema kwamba Afrika Mashariki inahitaji mtandao wake wa utafiti huu, unaowaweka meza moja wasomi wa upande wa Kiingereza na wa upande wa Kifaransa, na kwamba mtandao huo uwe na makao Ngara, au angalau mguu mmoja Ngara na mwingine Biharamulo. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina vyuo vikuu vikubwa, hilo halina ubishi. Lakini nchi tatu zenye mifumo mitatu ya elimu zinagusana hapa, si huko.

Wanaodhani hili ni suala la sifa kwa wilaya za pembezoni watazame mitihani miwili. Mwaka 2007 wanafunzi wa darasa la sita wa Tanzania Bara walipimwa pamoja na wenzao wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, katika mpango unaojulikana kama SACMEQ. Mtihani wao wa kusoma ulikuwa kwa Kiswahili, na walitoka miongoni mwa wa juu kabisa. Mwaka 2014 Burundi ilipimwa na nchi nyingine 9 zinazotumia Kifaransa, katika mpango wa PASEC. Watoto wake wa darasa la pili walipimwa kwa Kirundi, na katika lugha wakawaacha mbali wenzao wa nchi zote nyingine, ambao wengi wao walipimwa kwa Kifaransa.

Matokeo haya mawili yanatoka pande mbili za mpaka mmoja, na yanaelekeza kidole mahali pamoja: mtoto anayesoma kwa lugha anayoielewa anasoma. Hatudai kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Ukubwa wa darasa, vitabu, chakula cha mchana na mwalimu mwenyewe vyote vina uzito wake, na hiyo ndiyo kazi ya watafiti kupambanua. Lakini wapambanue vipi, ikiwa mpango mmoja uko kambi ya Kiingereza na mwingine kambi ya Kifaransa? Rwanda nayo haikuwamo hata katika mmoja kati ya hiyo miwili. Hata Uwezo, waliofanya kazi nzuri ya kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, walipima Tanzania, Kenya na Uganda. Ukifika mto Kagera pale Rusumo, takwimu zao zinakoma.

Si kwamba Ngara haijawahi kuona watafiti. Imewaona kwa wingi. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, hapa wilayani, ikageuka mji usiku kucha. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yakaja na shule ndani ya sanduku. Lilikuwa na mbao za kuandikia, chaki, madaftari na kitabu cha mwalimu kwa Kinyarwanda, vya kumtosha mwalimu mmoja na watoto 80 wanaoingia kwa zamu mbili. Sanduku hilo lilikuwa limebuniwa na UNESCO Somalia mwaka mmoja kabla. Huo nao ulikuwa ulinganishi, tena wa haraka: kilichofanya kazi Somalia kilijaribiwa Ngara.

Baadaye ikaja kambi ya Lukole ya Warundi, ambayo shule zake zilifuata mtaala wa Burundi kwa kuwa watoto walitarajiwa kurudi kwao. Kwa miaka mingi wilaya moja ikawa na mitaala miwili, huu wa kijijini na ule wa kambini. Mtafiti wa elimu angetafuta wapi darasa lililo wazi zaidi ya hilo? Na waliandika kweli. Lyndsay Bird aliandika juu ya shule za wakimbizi wa Rwanda za mwaka 1994 hadi 1996, na kitabu chake kikachapishwa Paris mwaka 2003. Simon Turner aliandika juu ya Lukole, kitabu kikatoka mwaka 2010. Ni kazi za heshima, na vyote viwili viko kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kasulo au Rulenge aliyeshuhudia yote hayo kwa macho yake afaidike vipi na kitabu kilichochapishwa Ulaya, kwa lugha ambayo hafundishi nayo?

Biharamulo nayo ina habari yake. Ukishuka Nyakanazi, panapokutana barabara za Kigoma, Rusumo na Kahama, unawasikia Wasubi, Wazinza, Wasukuma waliohamia na mifugo na mashamba, na Warundi wanaokuja kulima vibarua. Mwalimu wa darasa la kwanza huko anapokea lugha nne au tano asubuhi moja na kuanza nazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu huyo analinganisha kila siku, ila hakuna anayemwita mtafiti. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu walioonekana kuwa wahamiaji wasio na vibali waliondolewa Kagera, Kigoma na Geita. Wamo watoto waliokuwa wameanza shule kwa Kiswahili, na waliopelekwa Rwanda wakakuta madarasa ya Kinyarwanda na Kiingereza. Walirudishwa madarasa mangapi? Wangapi waliacha kabisa? Maswali hayo yana majibu nusu upande huu na nusu upande ule, na mtafiti wa nchi moja hawezi kuyamaliza peke yake.

Tena wakati wenyewe ni huu. Sera yetu ya elimu, toleo la 2023, inapunguza shule ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6 na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Majirani wametangulia. Rwanda ina miaka 6 ya msingi tangu zamani, na mwaka 2009 ilianza kutoa miaka 9 bila ada. Ili walimu watoshe, ilizigawa shule za msingi kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, na kila mwalimu akapewa masomo machache. Burundi ilianza shule yake ya msingi ya miaka 9 mwaka 2013. Je, zamu mbili ziliwasaidia watoto au ziliwapunja? Walimu wa Kirehe, Rwanda, wanajua, maana wamezifundisha. Walimu wa Muyinga, Burundi, wanajua ni madarasa gani yalifurika. Kwenda kuwauliza ni safari ya asubuhi kwa basi dogo, na mchana umesharudi. Badala yake tunapeleka wajumbe mbali kujifunza, na ya jirani hatuyaulizi.

Ushirikiano wenyewe unawezekana. Tangu 2002 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Western Cape, kwa fedha za Norwe, viliendesha utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, uliojulikana kama LOITASA. Martha Qorro, Zubeida Desai na Birgit Brock-Utne walikuwa mbele katika kazi hiyo, na ilitoa vitabu vingi. Lakini mradi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kufungwa. Mtandao unaishi kwa wanachama wake, wakiwa na fedha au bila fedha. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Na nchi hizi tatu zimekwisha onyesha kwamba zikitaka zinaweza. Maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 za umeme, na Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Waliokaa miaka wakijadili maji, nyaya na mashine hawakushindwa. Kibali cha utafiti ni jambo jepesi kuliko bwawa. Leo mtafiti akitaka kupima shule tatu za ukanda huu anaomba kibali COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa upande wetu, kisha anaanza upya Kigali, kisha Bujumbura. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Burundi zimo tangu 2007, itoe kibali kimoja kwa utafiti wa elimu unaovuka mpaka.

Lugha ya mtandao iwe Kiswahili, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwalimu wa Ngara, wa Kirehe na wa Muyinga wanaweza kukutania bila kumpa mmoja wao ugeni mkubwa. Rwanda iliifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Burundi inaifundisha shuleni. Matokeo yasomwe Radio Kwizera, iliyoanzishwa hapa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na ambayo mawimbi yake hayajali mpaka. Walimu wa shule za msingi wawe wanachama kamili, wenye kura, na majina yao yaandikwe kwenye jalada kama ya maprofesa. Wao ndio wenye takwimu, na takwimu hizo ziko kwenye rejesta za mahudhurio, katika kabati la mwalimu mkuu.

Tunawaomba wakuu wa vitivo vya elimu wa nchi hizi tatu waitishe mkutano wa kwanza Ngara mjini, wakati wa likizo ya Juni, ili walimu wapate nafasi ya kuhudhuria, na kila mmoja aje na daftari moja la mwanafunzi wake.