Mtani si Adui: Somo la Shabiki Mgeni

Ndugu msomaji unayejifunza Kiswahili, neno tutakalolitazama leo ni mtani. Nililisikia tangu utotoni, lakini uzito wake niliutambua tarehe 5 Novemba 2023, nilipoingia kwa mara ya kwanza katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, nikiwa shabiki mgeni katika pambano la Simba na Yanga.

Mimi ni mtu wa Tungue, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ambayo Wareno waliitwaa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1887. Mpaka ulihama, lugha ikabaki; ndiyo maana habari za Simba na Yanga hutufikia bila mkalimani. Niliichagua Simba kwa sababu moja tu. Tarehe 23 Februari 2021, Luís Miquissone wa Msumbiji aliifungia bao pekee dhidi ya Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika, katika uwanja huohuo. Siku ile jina la mwenzetu lilikuwa katika vinywa vya maelfu.

Ukienda nawe siku moja, jiandae. Uwanja huchukua watu 60,000, na nusu yake huwa nyekundu na nyeupe, nusu kijani na njano. Hakuna atakayekuuliza kabila wala pasipoti. Swali ni moja: “Wewe Simba au Yanga?” Ukijibu, umepata ndugu wa kukukumbatia na watani wa kukuzomea.

Ujue pia kuwa hawa wanaozomeana ni watu wa nyumba moja. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo, baada ya kuitwa Queens, Eagles na Sunderland, ilichukua jina la Simba mwaka 1971. Husimuliwa kuwa waanzilishi wake walitoka Yanga. Mmoja yuko Jangwani, mwingine Msimbazi, na wote wawili ni wa Kariakoo. Kwa sababu hiyo Waswahili hawawaiti maadui, bali watani wa jadi.

Siku ile tulikwenda mapumziko tukiwa sare, bao moja kwa moja. Kipindi cha pili Yanga wakaongeza manne. Tano kwa moja! Nilitoka nimeinamisha kichwa. Ndani ya daladala, mzee mmoja aliyevaa kijani aliitazama jezi yangu, akaninyooshea vidole vitano bila kusema neno. Gari zima likacheka. Kisha akasogea, akanipisha nikae. “Pole, mwanangu,” akasema. “Umetoka wapi?” Nikamjibu: Palma. Kicheko kikamtoka usoni. Akaniuliza kama watu wangu walisalimika.

Hapo ndipo nilipolielewa neno letu. Katika mila, utani haukuishia kwenye mzaha. Watani, kama Wanyamwezi na Wazaramo, waliruhusiwa kukejeliana kwa maneno ambayo mtu baki angeyalipia faini. Lakini siku ya msiba mtani alikuwa na kazi mahususi ya kutenda. Haki ya kumcheka mwenzako ilinunuliwa kwa wajibu wa kumzika. Anayechukua kicheko na kuuacha wajibu si mtani, ni mtu wa matusi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa ushabiki ni upuuzi unaowagawa wananchi. Mgawanyiko wenyewe si dhambi. Sisi wa Tungue tumeona dhambi ilipo. Tarehe 24 Machi 2021, mwezi mmoja tu baada ya lile bao la Miquissone, mji wa Palma ulishambuliwa na watu ambao kwao asiyekuwa upande wao hakustahili kuishi. Jamii haiharibiki kwa kuwa na pande mbili. Huharibika pale upande mmoja unapoamini kuwa ungekuwa bora zaidi kama mwingine usingekuwapo. Shabiki wa Yanga, hata akiwa na mdomo mkali kiasi gani, hawezi kuombea Simba ife. Angemfunga nani mabao matano?

Lakini nasi mashabiki tusijisifu upesi. Baada ya shambulio lile, wengi walikimbilia ng’ambo ya mto Ruvuma, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamika hadharani kuwa maelfu walirudishwa Msumbiji. Ni rahisi kumshangilia Mmsumbiji aliyekuja na mpira mguuni. Kipimo cha utu wetu ni yule aliyekuja na furushi kichwani. Yule mzee wa daladala alikifaulu kipimo hicho kwa maswali mawili na kiti kimoja.

Basi, mwanafunzi wangu, ukienda uwanjani chagua upande, wala usione haya. Imba, zomea, nyoosha vidole. Ila kabla ya kushuka garini, mgeukie aliyevaa rangi usiyoipenda, umuulize ametoka wapi na kama watu wake ni wazima. Ukiweza kulisema hilo kwa Kiswahili, utakuwa umelijua neno mtani.