"Elektroni Huru" Si Jibu la Alama Mbili Tu

Wasee, leo tuongee kemia kidogo. Msikimbie.

Uliza mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne kwa nini shaba hupitisha umeme. Atakujibu kabla hujamaliza swali: "Ina elektroni huru." Alama mbili, twende swali lingine. Sasa muulize: huru kivipi? Kimyaaa.

Maoni yangu ni haya: tunawapa watoto jibu, tunawanyima hadithi. Na hadithi ndiyo sayansi yenyewe.

Mwaka 1900, miaka mitatu tu baada ya J. J. Thomson kugundua elektroni, Mjerumani Paul Drude alisema elektroni ndani ya metali huzunguka kama gesi, zikigongagonga atomu. Wazo tamu, na lilieleza umeme vizuri. Shida ikawa joto. Kama ni gesi kweli, basi elektroni nazo zingekula joto lao, na shaba ingehitaji karibu nusu zaidi ya joto inalohitaji ili kupanda nyuzi moja. Vipimo vikakataa kabisa.

Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka 25, hadi Arnold Sommerfeld alipoleta fizikia ya kwanta. Elektroni mbili haziwezi kukalia hali moja. Fikiria matatu iliyojaa: walio katikati hawawezi hata kugeuka, ni wale wa mlangoni tu wanaosonga. Hivyo elektroni chache za juu ndizo hupokea joto. Fumbo likafunguka.

Hiyo yote tunaifinya iwe sentensi moja ya kukariri!

Na mifano tunayo hapa hapa. Nenda Kamukunji uone mafundi wa jua kali wakigonga bati hadi liwe sanduku la mtoto anayeenda bodingi. Bati linakunjika kwa sababu tabaka za atomu huteleza na elektroni bado zinazishikilia. Gonga bonge la chumvi hivyo uone kama halitapasuka. Mtoto huyo analibeba somo lake la kemia hadi bwenini, na hakuna aliyemwambia.

Akikariri tu, ataamini sayansi ilimalizwa na watu wengine zamani. Akijua Drude alipatia hapa na kukosea pale, ataona kuna nafasi yake pia.

Walimu, dakika kumi tu za hadithi hii. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa "elektroni huru", inueni mkono muulize: huru kivipi?

Wewe ulifunzwa aje? Niambie hapo chini.