Mtaa wetu unaitwa Shauri Yako, na wakubwa wamelichukulia jina kwa uzito

Homa Bay town kuna mtaa unaitwa Shauri Yako. Sijatunga mimi, uliza mtu yeyote wa boda. Na kila mvua ikinyesha nakumbuka jina hilo, kwa sababu hivyo ndivyo miji yetu inavyoongea na watu wake maji yakiingia nyumbani. Shauri yako.

Ukiwa na nyumba ya mawe na msingi wa juu, mvua ya Aprili inakuletea usingizi mtamu. Ukiwa na mabati na sakafu ya udongo, unaamka saa tisa usiku kuinua godoro na kitabu cha mtoto. Mvua ni ileile, mji ni uleule, lakini bili inaenda kwa mmoja. Hiyo ndiyo watu wa mikutano wanaita haki ya tabianchi: wale wasiochafua hewa ndio wanaolipa, na hawakai kwenye meza inapopangwa dawa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, kwa hivyo siwezi kuwapea lekcha. Wacha niwape hadithi ya shangazi yangu.

Sisi Wajaluo shangazi wa upande wa baba tunamwita Waya. Waya wangu anauza omena. Usiku mashua zinavua kwa taa, alfajiri yeye yuko ufuoni na karai, na jua likitoka anaanika kwenye nyavu kuukuu chini mchangani. Jua likiwaka vizuri, jioni omena imekauka na ina bei. Mvua ikija katikati, inaoza ama inabadilika rangi, na mnunuzi anamwambia hii ni ya kuku. Bei inaanguka hapohapo. Sasa misimu imeanza kuchezacheza, na mtu anayeishi kwa kutazama wingu hajui tena wingu linasema nini.

Basi miaka kadhaa iliyopita ukaja mradi. Sitautaja, na si nia yangu kumchomea mtu. Wakajenga meza za kuanikia, za mbao na wavu, zimeinuliwa kutoka chini ili hewa ipite. Wazo poa kabisa. Picha zikapigwa. Leo ukienda pale utakuta meza zile zimeanikwa nguo za watoto.

Kwa nini? Nilimuuliza Waya, akacheka. Kwanza, ziliwekwa juu karibu na barabara, mbali na pale mashua zinapotua, na karai la omena mbichi si bahasha. Pili, zilikuwa ndefu na pana kiasi kwamba kufikia omena za katikati lazima apande tofali. Tatu, mvua ikianza, wavu wa chini unakunjwa kwa dakika mbili na kukimbizwa ndani. Meza haikunjwi. Yaani kitu kilicholetwa kumwokoa na mvua ndicho kilichomwacha mvuani.

Manze, hakuna aliyekuwa mbaya hapo. Waliochora wale walikuwa watu wa akili, na pengine wa roho safi. Ila kila mmoja alikuwa ameangalia omena. Hakuna aliyekuwa ameangalia mama anayeianika.

Mwaka jana nikampeleka Waya kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mipango ya tabianchi. Kilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, ndani ya ukumbi wa hoteli. Saa nne asubuhi! Hiyo ni saa ya kugeuza omena. Wanawake wa ufuoni waliokuja walikuwa wawili, Waya na jirani yake, kwa sababu mimi niliwasumbua. Wakapewa kijitabu kinene cha Kiingereza, wakasikiliza mtu akisoma slaidi, wakanywa soda, wakasaini orodha. Tukiwa kwenye boda nikamuuliza, "Sasa Waya, umeonaje?"

Akasema, "Nyathina, wameniuliza kama nimekubali. Hawajaniuliza ninataka nini."

Wasee, sentensi hiyo moja imenishinda kutoa kichwani. Kwa sababu ile saini yake sasa iko kwenye faili mahali fulani, na faili linasema wananchi walishirikishwa.

Na ndio maana naandika hii. Kuna njia ya kufanya kazi ambayo watu wa programu za simu wanaijua sana: usanifu unaoanza na mtu. Hauanzi na bajeti wala na mchoro. Unaanza kwa kukaa na mtumiaji siku nzima, kumwona akifanya kazi yake, kuona anakwama wapi. Halafu unatengeneza kitu cha bei rahisi, cha fito na kamba, unampa akitumie wiki moja, akivunje, akuambie upuzi wake. Unarekebisha. Ndipo unaenda kutafuta pesa kubwa. Ile meza ingejengwa moja tu ya fito, Waya angemaliza huo mjadala kwa siku mbili, bila ukumbi na bila soda.

Tunajua kampuni za simu hukaa miezi kuchunguza kidole chako kinabonyeza wapi, ili ununue bando. Kwani mtaro unaoamua kama nyumba yako italala maji unastahili uchunguzi mdogo kuliko bando?

Sasa tuvuke tuingie Migori, kwa sababu huko kosa hilihili linaweza kuua mtu. Dani yangu, yaani nyanya, anaishi Nyatike, chini kule mto Kuja unakokaribia kuingia ziwani. Kuja unatoka milima ya Kisii na Nyamira. Kwa hivyo mvua inanyesha kwa wengine, na maji yanakuja kwa Dani. Anaweza kulala jua limewaka siku nzima na kuamka mto uko mlangoni. Mafuriko ya Nyatike si habari mpya, yanarudi karibu kila msimu wa mvua mkubwa. Na ziwa lenyewe likijaa, maji ya mto yanakosa pa kutokea. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita rekodi iliyokuwa imewekwa 1964, na 2024 likapanda tena.

Tahadhari ya kwanza ya mafuriko niliyowahi kuona ilikuja kwenye simu yangu kwa Kiingereza. Dani ana mulika mwizi, na chaji anapeleka dukani mara mbili kwa wiki. Anachoamini ni redio ya Kijaluo na simu ya binamu yake anayeishi juu zaidi ya mto. Halafu wakiambiwa wahamie shuleni, Dani habanduki. Ofisini wanaita hiyo ukaidi. Mimi niliketi naye nikaelewa ni hesabu. Ana mbuzi watano na kuku, na shuleni hakuna pa kuwaweka. Akiondoka, mbuzi wanaibwa ama wanasombwa. Hao mbuzi ndio benki, ndio hospitali, ndio karo ya wajukuu. Mpe zizi la muda mahali pa juu, na utamwona Dani akiwa wa kwanza kuhama. Zizi la fito! Lakini nani atajua hilo kama hajaketi chini ya ule mwembe akauliza?

Ukisema haya, kuna mtu lazima akujibu ati hayo ni ya Ulaya. Hapana bana. Yamefanyika hapahapa Kenya.

Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Tunazungumzia Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya 100,000. Badala ya kuanza na tingatinga, wakazi walijipanga kwa nyumba kumikumi, kila kumi na mwakilishi wao, wakakaa na wapangaji wa mji, vyuo vikuu na mashirika kama Muungano wa Wanavijiji. Takwimu zilikusanywa na wakazi wenyewe, na ikaonekana watu wa mabanda wanalipia maji ghali kuliko mitaa ya matajiri. Kwa barabara, kufuata vipimo vya kawaida vya vitabu kungehamisha watu wengi mno, kwa hivyo wakakubaliana barabara nyembamba pale inapobidi. Sio kwamba Mukuru sasa ni mbinguni. 2021 sehemu ya Kwa Njenga ilibomolewa na familia zikalala nje. Lakini hilo lenyewe ni somo: mpango uliotoka kwa watu unahitaji serikali inayouheshimu hata baada ya kamera kuondoka.

Ama angalia Isiolo. Pesa za tabianchi zilipoanza kufika kwenye wadi, wafugaji walipewa nafasi ya kuchagua. Mtu wa ofisini angedhani watataka visima tu. Pamoja na maji, walichagua kuimarisha dedha, lile baraza la kale la wazee wa Waborana linaloamua nani achunge wapi na lini. Hakuna mhandisi angechora hiyo, kwa sababu haionekani kwenye ramani.

Na msiniambie hakuna doo wala sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 184, inataka wakazi wa miji washiriki katika uongozi wa miji yao. Sheria ya Miji ya 2011 inarudia hilo. Kuna mpango wa kitaifa wa FLLoCA, ulioanza 2021 kwa pesa za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, na ili kaunti ipate mgao lazima iwe na sheria ya tabianchi, hazina yake, na kamati za kupanga kwenye wadi. Kwa hivyo mlango upo. Shida ni tunavyoingia: mchoro kwanza, mama baadaye, saini mwisho.

Kuna swali la haki hapa: je, raia anajua uhandisi? Hapana, na sitaki Waya apige hesabu ya nguzo za daraja. Lakini mhandisi naye hajui maji yalifika kwenye jiwe gani mwaka ule mkubwa. Mzee wa Nyatike anajua. Hao wawili wakikutana kabla ya saruji kumwagwa, tunaokoa pesa. Wakikutana baadaye, inakuwa kesi. Na ule msemo wa ati kusikiliza kunachelewesha kazi? Meza zile zilijengwa haraka sana. Uliza nguo za watoto.

Nataka nini basi? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji ndege.

Moja, kikao kimfuate mtu. Cha wauza omena kifanyike ufuoni, jioni, kwa Kijaluo. Cha wachuuzi wa Migori town kifanyike sokoni baada ya kufunga. Isebania lete na Kikuria.

Mbili, kabla ya mradi wowote wa tabianchi kupitishwa kwenye manispaa zetu, uambatanishwe na ukurasa mmoja tu: tulikaa na nani, siku gani, wakatuonyesha nini, na tulibadilisha nini kwenye mchoro kwa sababu yao. Kama jibu la hilo la mwisho ni "hakuna", basi hamkusikiliza, mlitembea tu.

Tatu, tutumieni sisi. Mitaa imejaa vijana wenye simu na diploma ambazo hazijaleta kazi, na wengine kama mimi wasio na diploma. Tunajua kila uchochoro, tunaongea lugha zote za pale, na nyanya zetu wanatuamini. Tulipeni wiki mbili tukae na watu, turekodi, tuwaletee. Ni bei ya kukodi ukumbi.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, usingoje kaunti. Chagua mtu mmoja ambaye mvua inamuumiza kuliko inavyokuumiza wewe. Nenda ukae naye asubuhi moja, usimpe ushauri, usipige selfi. Andika tu unachoona, halafu upeleke kwa MCA wako na umwambie ajibu.

Madaraka Dei ya 2025 ilipokuja Homa Bay, mada ilikuwa uchumi wa majini. Nilicheka kidogo, kwa sababu Waya amekuwa mwanauchumi wa majini tangu kabla sijazaliwa. Kama kuna mtu yuko njiani kutuletea meza nyingine, ofisi yake ni ile nyavu ya pili ukishuka kutoka pale mashua zinapotua. Anamaliza kugeuza omena saa tano. Amesema karibuni, atawaonyesha.