NYAMA SI TIKITI YA MBINGUNI, NA DENGU SI PEPO

Leo sina maneno matamu. Soma mpaka mwisho kabla hujaandika "Amina".

Kuna dada yetu hapa Ikonge aliyerudi kutoka Ghuba baada ya miaka miwili ya kazi za nyumbani. Kwenye matanga ya juzi alichukua obokima na chinsaga, nyama akairudisha. Basi! Kabla jua halijatua, kikundi cha WhatsApp cha akina mama kilikuwa kimekata shauri kwamba amekuja na pepo la Kibudha ndani ya sanduku. Ametolewa kwenye kwaya. Jumapili tatu hajaonekana. Na mimi mchungaji wenu nilikuwa kwenye kikao kilichomtoa, nikanyamaza. Hilo nitalijibu mbele za Mungu.

Nilienda kumwona. Akaniambia kule alilala chumba kimoja na msichana wa Sri Lanka, Mbudha. Alipougua, mwajiri hakujali. Msichana huyo ndiye aliyempikia dengu na kumfulia nguo. "Mchungaji," akasema, "Yesu sijamwacha. Nyama tu ndiyo nimeiacha."

Sasa ninyi mnaosema amekatazwa na Buddha, mnajua Buddha alifundisha nini? Somo la dini nyingine tulifundishwa chuo cha Biblia, wengi wetu tukasinzia. Kwa maandiko ya Wabudha wa Sri Lanka, Buddha mwenyewe alikula nyama aliyopewa. Alichomkataza mtawa ni nyama ya mnyama ambaye ameona, amesikia au anashuku kwamba alichinjwa kwa ajili yake. Binamu yake Devadatta alipodai watawa wote wakatazwe nyama, Buddha alikataa. Watawa wa China ndio wanaoiacha kabisa. Mbudha wa kawaida wa Sri Lanka, wengi wao hula samaki, hata nyama. Ahadi zake za kila siku ni tano: asiue, asiibe, asizini, asidanganye, asilewe. Siku ya mwezi mpevu kwao ni sikukuu ya taifa. Maduka ya pombe na ya nyama hufungwa, na wenye bidii huvaa nguo nyeupe, huenda hekaluni, na hawali chakula baada ya saa sita mchana.

Zihesabu tena hizo tano, polepole. Ndugu unayepitia kwa mama pima ukitoka kupeleka majani chai, ya tano umeiona? Dada uliyeshika pesa za chama na hujatoa hesabu, ya pili je?

Msinielewe vibaya. Mbudha huhesabu tendo jema kama akiba ya maisha yajayo, na akimlisha mtawa anaamini anaweza hata kumgawia marehemu stahili hiyo. Hapo tunaachana. Mimi nahubiri msalaba. Hakuna alipaye deni la dhambi kwa dengu, wala kwa kukaa kimya akivuta pumzi. Nimemwambia dada yetu hivyo uso kwa uso, na siku atakayoniambia kuacha nyama kunamtakasa, tutafunguliana Biblia mpaka usiku.

Lakini hajasema hivyo. Mnanitumia 1 Timotheo 4 kwa simu. Someni vizuri: anayelaumiwa pale ni yule anayewakataza wengine vyakula. Huyu amemkataza nani? Warumi 14 inamtaja wazi mla mboga, na anayekula kila kitu anaambiwa asimdharau. Danieli alikula mboga siku kumi Babeli. Hatusomi kwamba kuna aliyemwekea mikono kumtoa pepo.

Na Wasabato? Hapa Gusii tumeishi nao tangu misheni ya Nyanchwa. Kuna wazee wao wasiogusa nyama, na tunanunua maziwa kwao, tunaozeshana watoto. Sijasikia mtu akikemea pepo la mboga kwenye boma la Msabato. Kumbe shida si nyama.

Shida tunaijua. Tumefanya matanga kuwa mahali pa kumpima marehemu kwa kilo. Fahali asipoanguka, tunasema familia imejiaibisha. Nimeona mjane akikodisha majani chai yake ili sisi tushibe siku moja, na muhula ulipofunguliwa watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa karo. Tulikuja kumfariji! Tukaondoka tukijipangusa mafuta mdomoni, mimi nikiwa wa kwanza kupakuliwa, maana mchungaji hupewa kipande kizuri. Halafu anatokea mwanamke mmoja anayerudisha sahani yake bila kelele, na sisi tunaita mkesha wa maombi.

Alhamisi tuna mazishi tena. Nimeongea na familia: hakuna fahali, na wazee wa kanisa wamekubali, wengine kwa shingo upande. Sufuria ya maharagwe naileta mimi. Mama wa kwaya, mpigie dada yako simu leo jioni. Mwambie sauti ya pili imepwaya tangu aondoke, na mazoezi ni Jumatano saa kumi.