Mwenye Nyumba Asingoje Kukabidhiwa Ufunguo

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii twaifundisha mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi wetu huiandikia insha za kupendeza. Ajabu ni kwamba sisi walimu wenyewe huisahau siku tunapoanza kujenga nyumba.

Mwalimu wa kwetu Ukambani aghalabu hujenga kwa mkopo. Huenda kwenye chama cha ushirika cha akiba na mikopo, akatia sahihi akatwe mshahara kwa miaka minne au mitano, kisha akarejea shuleni kwake, pengine Nairobi au Mombasa, ilhali kiwanja chake kiko Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi. Jumatatu fundi hupiga simu akitaka saruji. Alhamisi hupiga tena akitaka vyuma. Mwenye nyumba hutuma fedha kwa simu hiyo hiyo na kungoja. Hivyo ndivyo nilivyojenga mimi, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Msingi wa nyumba yangu ulimwagwa katika muhula wa pili, nikiwa darasani. Nilipofika likizo ya Agosti nilikuta sakafu imelainishwa ikapendeza. Nilimshukuru fundi, nikamlipa. Mwaka uliofuata ufa ulipita katikati ya sebule, ukapanda ukutani hadi dirishani. Fundi mwingine alipochimbua kando, tuliona kwamba mtaro wa msingi haukuwa umefika kwenye ardhi ngumu, na zege lilipondeka kwa nyundo ndogo mithili ya udongo mkavu. Mkopo nilikuwa ningali ninaulipa. Wala sikuwa na pa kushika, kwa maana sikuwa na mkataba wala risiti, na mtaro wenyewe sikuwa nimeuona kabla haujafukiwa.

Yafaa ieleweke kwamba katika ujenzi, mambo yenye uzito zaidi ndiyo yanayofunikwa mapema. Rangi na vioo tutaviona miaka yote, na vikiharibika twaweza kuvibadilisha. Kina cha mtaro na kipimo cha saruji hufichika siku ile ile. Kwa hivyo, asiyeweza kuwapo kila siku na azichague siku zake. Awepo mtaro unapokwisha kuchimbwa, kabla ya zege kumwagwa. Awepo vyuma vya lenta vinapofungwa juu ya milango na madirisha. Awepo pia mbao za paa zinapokwisha kupigiliwa, kabla mabati hayajazifunika. Akishindwa kufika, amtume mtu asiyelipwa na fundi, na mkataba useme wazi kwamba kazi haifunikwi kabla ya kukaguliwa.

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa Kiswahili au wa historia hajui lolote kuhusu zege. Sikubaliani nao. Uwiano hufundishwa katika shule ya msingi. Zege la kawaida huchanganywa kwa sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, na kuhesabu makarai hakuhitaji shahada. Mchanga nao waweza kupimwa kwa chupa: utie mchanga, uongeze maji, utikise, kisha uache utulie. Tope litakaa juu ya mchanga, na tabaka lake likiwa nene, mchanga huo hautashikamana vyema na saruji. Mwanafunzi wa sekondari aweza kulifanya jaribio hilo na kulieleza.

Kisha kuna suala la maji. Zege huwa gumu kwa sababu saruji huungana na maji, ndiposa lapaswa kutunzwa likiwa na unyevu kwa muda usiopungua siku 7. Kwa kawaida nguvu zake hupimwa likitimiza siku 28. Chini ya jua la Kitui, mahali ambapo kila mtungi wa lita 20 una bei yake, kishawishi cha kuyaokoa maji hayo ni kikubwa. Mwenye nyumba anayetuma fedha za saruji bila kutenga za maji hana haki ya kumlaumu fundi.

Maji hayo hayo yatazamwe pia wakati ramani inapochorwa. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 500 hupokea lita 50,000. Hata moja ya tano ikipotea, zitabaki lita 40,000. Mahali pa tangi na upande wa mifereji yafaa viamuliwe mapema. Fundi atakwenda zake kazi ikiisha, nawe na watoto wako ndio mtakaofuata punda hadi mtoni.

Mto huo nao una sauti katika jambo hili. Mito yetu mingi hukauka juu, lakini mchanga wake huhifadhi maji chini. Ndiyo maana kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mnamo 2015. Anayejenga aulize lori lake limechota wapi, asije akajenga nyumba kwa kukausha kisima cha jirani.

Sisemi kwamba mwenye nyumba amkalie fundi kichwani. Wapo wanaoamua dirisha asubuhi na kulihamisha jioni, kisha wakashangaa gharama zinapopanda. Fundi ana ujuzi wake na heshima yake. Aulizwe kwa adabu, alipwe kwa hatua bila kucheleweshwa, na kila badiliko liandikwe pamoja na bei yake.

Wazee wetu walijenga kwa mwethya. Majirani walikusanyika, na mwenye nyumba alikuwa miongoni mwao akibeba miti na nyasi, akijua kila nguzo imesimama wapi. Leo twajenga kwa mawe na saruji, nasi tumekuwa wageni katika viwanja vyetu wenyewe. Walimu wenzangu, hakuna kati yetu anayengoja mtihani wa mwisho wa mwaka ndipo asahihishe daftari la kwanza. Basi mtaro wa msingi na uwe daftari hilo. Nenda ukalisome lingali wazi.