Shikamoo Haitoshi

Kila asubuhi wanafunzi wangu huniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nami huwaitikia, "Marahaba." Neno hilo huelezwa kuwa limetokana na kauli "nashika miguu yako." Naam, ulimi umeishika miguu ya wazee, je, mikono yetu imeshika nini?

Mingine imeshika fedha zao. Hapa Uganda, serikali huwapa wazee waliotimiza miaka 80 shilingi 25,000 kwa mwezi. Mzee asiyeweza kufika kituoni huwa na mtu wa kumpokelea. Mpokeaji asipomfikishia mwenyewe fedha hizo, hakukopa wala hakusahau: ameiba. Mikono mingine humshika bibi kidole gumba, kukipaka wino na kukikandamiza juu ya hati ya kuuza shamba ambayo hakusomewa. Tena iko mikono isiyoshika kitu: haimpi maji, haimwogeshi, haimpeleki zahanati, ilhali mwenye mikono hiyo anakula na kushiba katika nyumba hiyo hiyo.

Wapo wasemao, "Hayo ni mambo ya ndani, usianike aibu ya ukoo." Hoja hiyo naipinga. Aibu ni ya atendaye, si ya atendewaye wala ya asemaye. Mwizi akivunja duka, kijiji kizima hupiga yowe. Kwa nini mwizi wa bibi asitiriwe kwa kuwa tu ni mjukuu wake? Katiba ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka serikali ishughulikie ustawi wa wazee. Jambo lililoandikwa katika Katiba haliwezi kuwa siri ya jikoni.

Wengine hudai kwamba mzee amerudi utotoni, hivyo hana haja ya kuulizwa. Hata tukikubali, tangu lini mtoto akanyang'anywa chakula chake? Mtoto hulindwa.

Tumefundishana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo anayevunjwa guu ni mkuu mwenyewe, na wasiosikia ni sisi. Basi jioni hii, ukimwamkia babu, usikimbie baada ya marahaba. Keti. Muulize kama amekula, na kama fedha zake zimemfikia. Akikuambia zimeliwa, mfikishie habari mwenyekiti wa kijiji au ofisa wa maendeleo ya jamii, hata kama mlaji ni mjomba wako. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie mimi, twende pamoja.

Hiyo ndiyo shikamoo yenye mikono.